Motere ya piroge imeanguka ku ziwa Kivu, naweza shuka kuitafuta na butei ya hewa?

peti_wa_himbi (Goma)

Jambo bandugu. Samahani itakuwa murefu lakini nataka mutu aelewe vizuri mbele ya kunijibu. Mutoto ya baba yangu mukubwa iko na piroge ya mbao, anapelekaka bidhaa Idjwi, na motere ya nguvu ya farasi 40. Juma iliyopita tulikuwa tunarudi usiku, upepo ikapanda, na zile vise (skurubu) mbili zenye zinashika motere ku mbao zilikuwa zimelegea bila mutu kuona, wimbi moja ikatupiga ku ubavu, motere ikaruka ikaenda. Kamba ya kuifunga haikukuwa. Tulikuwa kama mita 150 toka ku mawe ya Himbi. Kesho yake bavuvi bakashusha kamba na jiwe bakatuambia ni mita 22 hivi. Ile motere tulinunua na pesa ya likelemba (mchango wa zamu) na batu ine bado habajakula zamu yao, donc si kitu ya kuacha pale chini tuseme basi imeisha.

Sasa niko na butei ya kuplonje (kuzamia), detanderi (ile inapitishaka hewa ku mdomo), maski na palme (viatu vya kuogelea), mutu moja mwenye alikuwa anakaa hapa zamani aliviacha kwa mama mudogo. Ni ile butei ya litre 12. Nimeunganisha, manometa inaonyesha bar 90, nimevuta hewa inakuja, haina harufu. Mi nimekomalia ku ziwa, nashuka mita 6 ao 7 na pumuzi yangu tu toka niko mutoto, woga ya maji sina. Sikuwahi kuplonje na butei lakini. Mutu wa garaji anasema anaweza kuijaza na kompresere yake ya kujaza mipira ya gari. Mwingine anasema nitafute oksijeni kwenye banajazaka ya hopitali, eti iko bora kuliko hewa. Na kuko bale banasema hata nikiwa na hewa nzuri gazi ya ziwa itaniua.

Swali: ni nini niangalie ili nishuke nipande salama? Nafikiri kazi yote haipite dakika 10. Gran yangu mwenye piroge hajanituma, ni miye njo nimejitolea, yeye iko tu kimya na kile kimya inanisumbua.

Espoir_wa_Nguba (Bukavu)

Ndugu, nimesoma yako mara mbili. Pole kwa motere. Nakuomba usishuke, na sitakuachia hapo tu, nitakueleza sababu, juu nikikuambia "ni hatari" utasema huyu hajui mi naogelea namna gani.

Mi nilifundishwa kuplonje Zanzibar wakati nilikuwa kule kwa kazi. Hata mutu mwenye amemaliza masomo ya kwanza, amepewa karatasi yake, anaruhusiwa mwisho mita 18, na si peke yake. Weye unaanzia 22, gizani ya ziwa, unatafuta kitu, na hakuna mutu pembeni yako.

Lakini si ile njo inaniogopesha sana. Kyenye kinaniogopesha ni hiki: unasema toka utoto unashuka na pumuzi yako. Donc mwili yako imejifunza kitu moja, ukiwa chini ya maji unafunga pumuzi. Hiyo tabia yenye imekulinda miaka yote, ukiwa na butei njo itakuua. Sikiliza ginsi inaenda. Ukishuka na pumuzi ya huku juu, maji inaibana mapafu yako, ukipanda inarudi vile ilikuwa, hakuna kitu. Lakini ukivuta hewa ya butei kule mita 22, ile hewa imeshabanwa, imeingia mingi. Ukiogopa kitu (wavu, kamba, giza, maski kujaa maji) ukafunga mdomo ukakimbilia juu kama vile umezoea, ile hewa inafura njia yote. Hapa Kivu, toka mita 22 mpaka juu, inafura zaidi ya mara tatu na nusu. Mapafu haina nafasi hiyo. Inapasuka, hewa inaingia mu damu, inapanda ku kichwa, mutu anafika juu anapiga kelele moja anazimia. Na haihitaji mita 22, hata mita moja na nusu na mapafu yenye imejaa inatosha kuumiza mutu. Wakati nilikuwa najifunza mwalimu alituimbisha hiyo peke yake siku nzima: pumua, usiache kupumua hata sekunde, ukipanda panda pole kuliko mapovu yako madogo.

Sasa tufanye hesabu ya ile 90 yako. Litre 12 mara 90 ni litre 1080. Mutu mwenye ametulia anatumia kama litre 20 kwa dakika huku juu, lakini kule mita 22 ni mara tatu, yaani 60 na kidogo. Na hautakiwi kutumia mpaka sifuri, bar 50 ni ya kurudi nayo. Donc unabaki na 40, ni litre 480, dakika 8. Hiyo ni mutu mwenye ametulia. Mutu wa mara ya kwanza, baridi, woga, anapiga palme kwa nguvu, anakula mara mbili: dakika 4. Mu ile dakika 4 uwe umeshuka, umetafuta, umefunga kamba. Na kupanda peke yake, ukipanda mita 9 kwa dakika kama vile inatakiwa, ni dakika mbili na nusu, na juu yake unasimama mita 5 kwa dakika 3 mbele ya kutoka. Unaona mwenyewe haitoshi. Utafika mahali hewa inaisha ukiwa chini, na hapo njo utafunga pumuzi ukimbie.

Tena ziwa yetu iko juu. Tuko kama mita 1460 toka bahari, hewa ya hapa ni nyepesi, ni kama 85 kwa 100 ya ile ya pwani. Zile meza zote za kuplonje (hesabu za kina na muda) zimetengenezwa kwa bahari. Mita 22 ya hapa, mwili inaihesabia kama mita 25 ao 26 ya kule, sababu unatoka mu shinikizo kubwa unaingia mu hewa nyembamba. Kupita mita 300 juu ya bahari tayari wanahesabu ni plonje ya milimani, inafundishwa peke yake.

Garaji: kompresere ya mipira inatoa bar 8 ao 10. Butei yako inajazwaka 200. Hawezi kuijaza, na akiweza kuongeza hata kidogo atakuwekea mafuta ya mashini ndani. Na ile butei yenyewe, angalia ku shingo, kuko tarehe zimegongwa ndani ya chuma. Kila miaka 5 inatakiwa ipimwe na maji, na kila mwaka ifunguliwe waangalie kutu. Kama tarehe ya mwisho ni ya zamani, usiijaze popote, butei yenye imekuliwa na kutu ikipasuka wakati wa kujaza inabomoa nyumba. Kutu inakulaka oksijeni pia, hewa yenye imekaa miaka ndani ya chuma inaweza kukuzimisha bila harufu yoyote. Kwa hiyo "haina harufu" haisemi kitu.

wa_drague (Shabunda, sasa niko Goma)

Naongeza juu ya kompresere, sababu najua kazi hiyo na mwili yangu. Nilifanya ku madrague, zile mashini za kunyonya mchanga ya dhahabu, ku muto Ulindi, kuzamia na tuyo (bomba ya hewa) ku mdomo kufuata dhahabu, hewa inatoka ku kompresere yenye iko juu ya drague pembeni ya motere. Unashuka saa nzima, mbili. Hakuna mutu alitufundisha kitu.

Siku moja upepo iligeuka, moshi ya motere ikaanza kuingia kwenye kompresere inavuta hewa. Mwenzangu alikuwa chini. Ule moshi ukiwa chini hauuoni na hauusikii vizuri, unasikia tu kichwa inauma na miguu inakuwa nzito, halafu usingizi. Alivuta kamba mara moja hakuvuta tena. Tulimutoa amekuwa mwekundu ku midomo kama mutu mwenye amelala vizuri. Hakuamuka. Alikuwa na miaka 24 na bibi yake alikuwa na mimba. Patron alilipa sanduku na gari, ikaishia pale.

Na bale benye walibaki, wengi mabega na magoti inawauma mpaka leo, kuko moja alipanda haraka kwa sababu mchanga ilimwangukia, jioni miguu ikakataa, mpaka sasa anatembea na fimbo. Tulisema ni bachawi ba muto. Nimekuja kusikia baadaye ku Goma kwamba ni hewa ya ndani ya damu.

Peti, usikubali tuyo ya mutu yeyote.

peti_wa_himbi

Yaya Espoir, yaya wa drague, aksanti sana, na pole kwa mwenzako. Nimeangalia ku shingo ya butei, tarehe ya mwisho ni 2009. Sikujua kama ile ni tarehe, nilidhani ni namba ya fabriki.

Lakini mutu mwenye alisema oksijeni anasisitiza, anasema ku hopitali banaitumia kuokoa batu, itaua namna gani? Na ile ya gazi munasemaje?

Mama_Neema_mforomo (Goma)

Mtoto wangu, mi ni mforomo (muuguzi) na oksijeni tunaishika kila siku, wacha nikujibu polepole.

Oksijeni tupu juu ya kitanda ni dawa. Chini ya maji inageuka sumu, na si kwa sababu ni chafu, ni kwa sababu inabanwa. Kupita mita 6 hivi inaanza kushambulia ubongo, na mita 22 ni karibu mara mbili ya kiasi chenye wazamiaji wanakataza kabisa. Mutu anashikwa na kifafa bila onyo, detanderi inatoka ku mdomo, anakunywa maji. Ungekuwa ku wodi ningekufunga ku kitanda nikusubiri uamuke, lakini chini ya ziwa nani atakusubiri? Tena oksijeni na mafuta havikutanake. Sisi hata pomade ku mikono tunakataza mbele ya kufungua robine ya oksijeni, inaweza kuwaka moto. Detanderi yako ya miaka yote hii imepakwa nini ndani? Achana na huyo mshauri, hata kama ana roho nzuri.

Kuhusu gazi. Watu wa Goma tunaogopa ziwa na tuna haki, lakini tuogope mahali penyewe. Ile gazi kubwa, ya karboni na metani, imeyeyuka ndani ya maji ya chini kabisa, kuanzia mita 250 na zaidi, na ziwa inafika karibu mita 480. Iko mingi sana, karibu kilomita za mchemraba 300 za gazi karboni na 60 za metani, na kule Kameruni ziwa Nyos mwaka 1986 ilitoa yake ikaua watu kama 1700 usiku mmoja. Upande wa ghuba ya Kabuno inakaribia juu zaidi kuliko huku kwetu. Lakini mbele ya Himbi mita 22 si hiyo itakukuta.

Yenye inaweza kukukuta ni mazuku, na iko nje ya maji. Unajua mwenyewe mbuzi na mbwa zinakufa ku mashimo ya mawe ya volkano asubuhi. Gazi karboni ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inalala mahali pa chini, usiku kama hakuna upepo inajaa mpaka ku mawe ya pembeni ya ziwa. Mutu anayeinama kuvaa palme saa kumi na moja asubuhi mu shimo ile anaweza kuanguka pale pale. Na kompresere ikiwekwa pale itavuta hiyo gazi ndani ya butei. Kwa hiyo hata mukienda tu kutafuta na kamba, muende jua imepanda na upepo imeanza, na mutu asishuke ku shimo kusaidia mwenzake bila kufikiri, mazuku inaondokaka na wa pili.

Kitu cha mwisho, kwa yeyote anayesoma. Mutu akitoka ku maji na butei, halafu saa moja ao mbili baadaye, hata kesho yake, anasema mabega yanauma, ngozi inawashawasha, miguu ina ganzi, mkojo hautoki, anachoka vibaya, msimupe dawa ya malaria mukalala. Mlalisheni chini, mumupe oksijeni ya hopitali ya maski mara moja, maji ya kunywa kama yuko macho. Dawa yake ya kweli ni kile chumba cha chuma cha kubana hewa, Zanzibar kiko, na toka hapa mpaka kule ni ndege, na ndege inazidisha ugonjwa kwa sababu hewa ya ndani ni kama uko ku mulima mrefu. Vilevile kupanda na moto (pikipiki) kwenda ku milima ya Masisi siku ile ile. Waza hiyo safari ukiwa na miguu haitembei, mtoto wangu. Wacha motere ikae kwanza.

mvuvi_trimara (Idjwi)

Siye benye tunavua sambaza (samaki ndogo) tunaangusha vitu kila mwaka, lampe, nanga, hata motere, na hatuna butei. Fanya hivi.

Kwanza unakumbuka mulikuwa wapi? Usiseme "mita 150 toka ku mawe", hiyo haitoshi. Keti mu piroge na mwenye alikuwa anaendesha, mukumbuke mulikuwa munaona nini mbele na nini ubavuni. Mutafute vitu viwili vyenye vilikuwa vimelingana, mufano taa ya nyumba moja na nguzo nyuma yake, halafu vingine viwili upande mwingine. Kwenye mistari inakutana, tupa jiwe na kamba na bidoni ya njano juu. Ile bidoni njo katikati ya kazi yenu.

Halafu muende kwa mtu wa kuchomelea awatengenezee nanga ya meno ine, vyuma vya 10, meno yapindwe, uzito kama kilo 5 ili isielee na isinase sana ku mawe. Kamba ya nailoni mita 60, juu kama kina ni 22 kamba lazima ilale, ukivuta wima jino haishiki kitu. Piroge inaenda kwa kasia, si kwa motere, polepole kabisa, inazunguka bidoni, mutu moja anashika kamba na mikono mitupu. Mikono inasikia. Jiwe ya volkano inagonga inaachia, inagonga inaachia. Wavu wa zamani unavuta laini unafuata. Motere inashika inakataa, halafu inakubali kidogo, inakuwa na uzito ya kuzunguka. Ukisikia hivyo usivute kwa furaha. Funga ku piroge, ngoja piroge ya pili ije, muvute batu batatu kwa pamoja na muketi chini, juu kilo 80 ku ubavu ya piroge moja inapindua. Na jile (koti za kuelea) mvae wote, hata weye mwenye unajua kuogelea, usiku ule jile mulikuwa nazo?

Mwisho wa juma mwezi haupo, sisi tuko ku maji usiku na lampe, mchana tunalala. Njooni siku ya mwezi kubwa hatufanye kazi, nitakuja na mtu wangu mmoja. Mutatupa tu chakula.

Shilo_Kisanga (Lubumbashi)

Na mi nasoma paka kimya lakini iko swali. Mi na bibi tunaenda Zanzibar mwezi wa saba, tunataka kuplonje mara ya kwanza na bantu ba kule benye bako na karatasi. Tunarudi Lubumbashi na ndege. Iko kitu ya kujua?

Espoir_wa_Nguba

Ndugu Shilo, nendeni, ni kitu kizuri sana, na ukiwa na mwalimu kila kitu kina ginsi yake. Siku ya mwisho musiplonje. Ukishuka mara moja tu unangoja saa 12 mbele ya ndege, ukishuka mara nyingi ao siku nyingi ni saa 18, mi ninaachaka siku nzima. Mukiwa na mafua musishuke, masikio hayatafunguka, na sikio ikianza kuuma unapanda kidogo unabana pua unapuliza pole, haulazimishi. Pombe usiku wa mbele hapana. Muulizwe maswali ya afya mujibu kweli, kama bibi ana pumu ao ana mimba mseme, wasipouliza kabisa mubadilishe mwalimu. Na kule chini musishike matumbawe, palme moja inavunja kitu kilichokua miaka, wala musilete makombe nyumbani.

Peti, kama nanga itashindwa kabisa na mukataka kulipa wazamiaji, angalia vitu kabla ya bei. Wako wawili ao zaidi? Kuko mutu anabaki ku boti na bendera, anazima motere na anakataza wengine kupita karibu? Wako na kisu ya kukata wavu, na kamba ya kurudi? Wakikuambia watafunga bidoni tupu ku motere na kuzijaza hewa ziibebe, uliza wamefanya hivyo mara ngapi, juu bidoni ya litre 20 inabeba kilo 20 na ile hewa inafura ikipanda, ikiachia inaruka kama risasi na mutu mwenye amejifunga nayo anaenda nayo. Wakicheka maswali yako, rudi nyumbani.

peti_wa_himbi

Bandugu, narudi na habari. Tulingoja mwezi kubwa, muvuvi wa Idjwi alikuja kweli na mtu wake. Siku ya kwanza tulivuta wavu wa zamani mbili na tairi, tulirudi mikono inatoka damu. Gran hakusema kitu, alinunua glavu tu. Siku ya pili saa ine, nikasikia ile kitu yenye alisema, inakataa halafu inakubali kidogo. Nilikuwa natetemeka. Ilikuwa mita karibu 40 toka ku bidoni yetu, na pale kina si 22, kamba ilituonyesha 31.

Gran aliketi mu piroge akanitazama murefu, akasema "peti, ungeshuka pale 22 ungekuta hakuna kitu, ungeendelea kufuata mteremko." Ni mara ya kwanza aliongea juu ya ile butei.

Motere iko kwa fundi. Alituambia tusijaribu kuiwasha, ametoa buji (plagi), amemwaga maji, anafungua yote. Kamba ya kuifunga tumeshanunua, na jile sita.

Butei bado iko nyuma ya mulango kwa mama mudogo na kuko mutu wa Kituku amekuja kuuliza bei yake. Nifanye nini nayo?

Espoir_wa_Nguba

Asante Mungu. Usimuuzie. Ipeleke nje, mbali na watoto, fungua robine pole pole kidogo kidogo mpaka manometa ifike sifuri na isikike kimya, inaweza kuchukua nusu saa na zaidi, usiweke uso mbele. Ikishakuwa tupu, fundi wa kuchomelea atoe robine na aikate katikati. Maski na palme baki navyo.